Mbwa wangu anakula machungwa: nimwache au nimzuie?

Swali: Daktari, habari za kazi. Tupo Muheza, na nyuma ya nyumba tuna michungwa kumi na miwili. Mbwa wetu ni dume wa kienyeji, ana miaka mitatu na uzito wa kama kilo 15. Msimu ukiingia watoto humrushia vipande vya chungwa, naye hudaka kama amerushiwa nyama. Wiki iliyopita alifukua shimo la taka akala maganda. Usiku akatapika mara mbili, asubuhi akaharisha, kisha akarudi sawa. Jirani anasema tunda lolote chachu ni sumu kwa mbwa. Shemeji yangu anasema tumwache, anapata vitamini C. Nani yuko sahihi? Na je, ni kweli ndimu ikipakwa mwilini inaua viroboto?

Jibu: Wote wawili wamekosea, ila jirani amekosea kwa upande wa usalama. Nyama ya chungwa lililoiva si sumu kwa mbwa, na vipande viwili vitatu havimdhuru mbwa mzima wa kilo 15. Kilichomtapisha wako ni maganda. Hiyo vitamini C ya shemeji, mbwa haihitaji kutoka kwetu, nitaeleza kwa nini. Ndimu ya viroboto achaneni nayo kabisa.

Nianze na maganda, maana ndiyo yaliyomo tumboni mwa swali lako. Chungwa lina sehemu nne, na tumbo la mbwa huipokea kila moja kivyake. Juu kabisa lipo ganda lenye rangi, jembamba, lenye vitundu vidogo vidogo. Ndani ya vitundu hivyo ndimo yalimo mafuta. Likunje ganda bichi mbele ya mwali wa mshumaa uone cheche zinavyoruka. Yale ni mafuta yakiwaka. Zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za mafuta ya ganda la chungwa ni kemikali iitwayo limonene. Imo pia linalooli, na zimo kemikali za kundi la psoralini, kidogo kwenye chungwa na nyingi zaidi kwenye ndimu na balungi. Limonene huwasha utando wa mdomo na wa tumbo. Kiasi kidogo humfanya mbwa atoe mate na kutapika. Kingi humlegeza na kumfanya ayumbe. Chini ya ganda lipo tabaka jeupe la sponji, halina mafuta lakini ni nyuzinyuzi tupu. Kisha nyama yenyewe, na ndani ya nyama mbegu.

Sasa angalia tunavyomenya machungwa huku kwetu. Muuzaji habandui ganda lote. Huzungusha kisu akatoa ngozi ya juu tu, utepe mrefu mwembamba, akaacha lile tabaka jeupe, halafu hukata kofia juu ili mlaji akamue kwa mdomo. Kwa hiyo taka za chungwa la Kitanzania ni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni zile tepe, na hizo ndizo hasa zenye mafuta. Fungu la pili ni makapi yaliyokwisha kufyonzwa: sponji, utando na mbegu, bado yana utamu kidogo wa kumvutia mbwa. Mbwa hatafuni. Hukata mara mbili akameza. Tepe humuunguza tumbo ndani ya saa chache, kama ilivyotokea kwenu. Makapi ni tatizo la namna nyingine: hayameng'enywi, na akimeza manne matano kwa mkupuo yanaweza kujikusanya na kukwama, kwanza kwenye tumbo, au baadaye kwenye utumbo mwembamba. Hilo la pili ndilo linaloua, ingawa halitokei mara kwa mara. Mbwa aliyetapika mara mbili usiku, akaharisha asubuhi, kisha akala na kucheza kama kawaida, huyo alikuwa na mwasho wa tumbo tu na umekwisha.

Nyama ya chungwa la wastani, likishamenywa, ina uzito wa gramu 130 hivi. Humo mna kalori kama 60, sukari gramu 12, na sehemu kubwa iliyobaki ni maji. Kipande kimoja, namaanisha vile chungwa linavyojigawa lenyewe ndani, ni gramu 13 hivi, kalori 6 na sukari zaidi kidogo ya gramu 1. Kanuni ya madaktari wa wanyama ni kwamba vitafunio vya pembeni visizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku. Mbwa wa kilo 15 asiye na kazi nzito hutumia kama kalori 850 kwa siku, hivyo ana nafasi ya kalori 85. Ukipiga hesabu hiyo peke yake utasema chungwa zima ni halali yake. Hapa hesabu inadanganya. Kabla kalori hazijamzidi, asidi na sukari vitakuwa vimeshalifungua tumbo lake, kwa sababu tumbo la mbwa limezoea ugali, mifupa na dagaa, halijazoea maji ya matunda.

Kwa hiyo kipimo nachopendekeza ni kidogo kuliko hesabu. Mbwa wako apewe vipande viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa wiki, basi. Mbwa mdogo wa chini ya kilo 5 kipande kimoja kinamtosha, kikatwe mara mbili. Jibwa la kilo 30 na kuendelea linaweza kufika vipande vinne au vitano. Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi mitatu asipewe kabisa. Si kwamba atakufa, ila kuharisha kwa mtoto humkausha maji haraka, na mwenyewe hutajua kama ni chungwa au ni ugonjwa.

Kumwandalia si kazi. Osha chungwa kwanza, hata kama unalimenya, kwa sababu kisu hubeba kilichopo juu ya ganda hadi ndani. Menya hadi tabaka jeupe litoke, si ule mmenyo wa barabarani. Tenganisha vipande, toa mbegu, na kama utando wa kipande ni mgumu upasue. Mbegu moja ikipita haina neno. Tunazitoa kwa sababu ni chungu na ngumu, na hazimfaidii chochote. Mara ya kwanza mpe kipande kimoja tu na usimpe kingine hadi kesho yake. Kinyesi cha asubuhi ndicho kitakachokujibu. Mpe baada ya chakula, si akiwa na tumbo tupu. Na watoto waache kurusha: mbwa anayedaka hewani humeza kabla hajajua amemeza nini, na siku moja kitakachorushwa ni kangaja nzima.

Neno moja kuhusu rangi. Machungwa ya Muheza huiva yakiwa bado kijani, kwa kuwa usiku wa ukanda wa pwani hauna baridi ya kutosha kuondoa rangi ya kijani kwenye ganda. Usilihukumu chungwa kwa jicho. Lionje. Kama linakukunja uso wewe, usimpe mbwa.

Kuhusu vitamini C: binadamu tunapaswa kuila kwa sababu miili yetu haiwezi kuitengeneza. Mnyama mwingine wa namna yetu ni simbilisi, ndiyo maana wafugaji wake huhangaika kumtafutia majani mabichi kila siku. Mbwa hayumo kwenye orodha hiyo. Ini lake hutengeneza vitamini C kutokana na glukosi, kila siku, bila msaada wa mchungwa wowote. Ukimwongezea, inayozidi hutoka kwa mkojo. Ukimwongezea sana, ataharisha, na sehemu ya ziada hiyo mwilini hugeuka oksaleti, ambayo ni malighafi ya aina moja ya mawe ya kibofu. Chungwa kwa mbwa ni kitu cha kumfurahisha mdomo, sawa na kipande cha tikiti. Ukitaka kumwongezea afya, tumia pesa hiyo kwenye chanjo.

Ndugu wengine wa chungwa hawafanani. Chenza na kangaja nyama yake ni sawa na ya chungwa, tamu zaidi kidogo, na vipande ni vidogo, hivyo vipimo ni vilevile kwa uzito. Hatari ya kangaja ni umbo: mbwa mkubwa anaweza kuimeza nzima na ganda lake, mviringo mzuri wa kuziba koo. Danzi ni chungwa la uchungu na ukali, sijaona sababu ya kumpa mbwa. Limau na ndimu zina asidi ya sitriki gramu 5 hadi 6 hivi katika kila mililita 100 za maji yake, wakati chungwa tamu lina kama gramu 1 tu. Mbwa wengi hunusa ndimu wakageuza shingo, na hapo wanajua kuliko sisi. Akilamba tone lililodondoka mezani hapati kitu. Kumnywesha maji ya ndimu kwa makusudi, eti kusafisha tumbo au kutibu kikohozi, ni kumwunguza umio bure, na akipaliwa huingia mapafuni.

Balungi linahitaji maelezo yake. Kwa mbwa mzima wa afya, kipande kidogo cha nyama yake si sumu, ingawa uchungu wake huwakataza wengi. Shida huja pale mbwa anapokuwa kwenye dawa. Balungi lina furanokumarini, kemikali zinazozuia kimeng'enya kinachovunja dawa nyingi mwilini. Dawa isipovunjwa, dozi ya leo hukutana na ya jana, na kiwango katika damu hupanda bila wewe kuongeza hata chembe. Kwa mbwa jambo hili limeonekana wazi kwenye siklosporini, inayotolewa kwa wenye mzio mkali wa ngozi, na kwenye diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege. Mbwa wa dawa za kila siku, iwe za moyo, kifafa au ngozi, asionje balungi wala juisi yake. Furungu lina ngozi nene sana na sponji tele. Kama analipata, ni nyama tu.

Wapo mbwa ambao hata chungwa tamu siwapi ruhusa. Mwenye kisukari, kwa sababu ya sukari. Mwenye figo dhaifu, kwa sababu ya potasiamu, maana gramu 100 za chungwa zina miligramu kama 180. Mwenye tumbo la kutapikatapika kila wiki. Na mbwa aliyenenepa hadi mbavu hazipapasiki.

Majani na vijiti vya michungwa navyo vina mafuta yaleyale, na mndimu una miiba inayoweza kutoboa kaakaa. Mbwa anayetafuna vijiti mtafutie mfupa mkubwa mbichi au mpira.

Lakini nikwambie ukweli: mbwa wengi wanaoambiwa wamedhurika na limau au chungwa wamedhurika na kilichofuatana nalo. Kachumbari ni mfano wa kwanza. Mtu anaona ndimu kumbe tatizo ni kitunguu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa, gramu 15 hadi 30 za kitunguu maji kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuharibu damu. Kwa mbwa wako ni vitunguu viwili vya wastani kwa mkupuo mmoja, au kidogokidogo kila siku kwa siku kadhaa. Kitunguu saumu kina nguvu zaidi. Dalili huchelewa siku tatu hadi tano: fizi kupauka, mkojo kuwa wa rangi ya chai ya rangi, kuchoka. Kufikia hapo kachumbari imeshasahaulika. Achari ya ndimu au ya limau ina chumvi nyingi na pilipili, isifike kwenye bakuli lake. Samaki aliyekamuliwa ndimu shida yake ni miiba.

Juisi ya dukani na ile ya kuchanganya na maji ni sukari tu, haimfai. Kagua zaidi vitu vilivyoandikwa "bila sukari", pamoja na vidonge vya vitamini C vya kutafuna vyenye ladha ya chungwa na bigijii. Baadhi vina sukari mbadala iitwayo zailitoli. Kwenye pakiti huandikwa xylitol au E967. Kwa mbwa, gramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito inatosha kushusha sukari ya damu, wakati mwingine ndani ya nusu saa, naye huyumba, huanguka na kupata degedege. Gramu 0.5 kwa kilo inaweza kuua ini. Mbwa wa kilo 15 hufikia kipimo cha kwanza kwa gramu moja na nusu. Hii ni dharura ya kweli, si ya kusubiri kesho.

Na kwa kuwa jirani yako amesema "tunda lolote chachu", kuna jambo moja analolikaribia bila kujua. Asidi za matunda si moja. Machungwa, malimau na ndimu hubeba asidi ya sitriki, ambayo figo za mbwa huimudu. Zabibu na ukwaju hubeba asidi ya tartariki. Kwa miaka mingi madaktari walijua kuwa zabibu, mbichi au kavu, huharibu figo za baadhi ya mbwa, na hawakujua kwa nini. Mwaka 2021 madaktari wa sumu za wanyama nchini Marekani walitoa hoja kwamba mhusika ni asidi ya tartariki, na mwaka 2022 zikachapishwa taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju, au unga wa chumvi ya asidi hiyohiyo unaotumiwa na waokaji. Kwetu hili lina uzito wake. Zabibu za Dodoma hufika kila soko, na ukwaju upo kwenye juisi, kwenye mchuzi na kwenye mifuko ya watoto wa shule. Ukwaju una asidi hiyo kwa wingi kuliko hata zabibu. Hakuna kipimo cha zabibu au ukwaju ninachoweza kukuambia ni salama. Mbwa akila, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo hata kama anachezacheza, maana figo huonyesha ubaya wake kati ya siku ya kwanza na ya tatu, wakati nafasi nzuri ya kumtapisha imeshapita.

Nirudi shambani kwako. Michungwa kumi na miwili huangusha matunda mengi, na yaliyoanguka si sawa na uliyoyachuma. Tunda lililopasuka na kulala siku tatu juani huchachuka na kuwa na pombe. Mbwa akila mengi utamwona akiyumba na mwili ukipoa. Lenye ukungu, na hasa likiwa kwenye shimo la taka pamoja na mikate, karanga na wali uliooza, laweza kumpa sumu za ukungu zinazotetemesha mwili mzima ndani ya saa chache. Kutetemeka huko hakutulizwi nyumbani. Kama mnapulizia dawa za wadudu, fungieni mbwa siku hiyo na muokote yaliyoanguka kabla ya kumfungulia, kisha mfuate muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye chupa kama mnavyoufuata kwa walaji. Mitego ya nzi wa matunda itundikwe juu asikofika, kwani kivutio chake huchanganywa na kiuatilifu. Mbwa aliyelamba dawa hizo hutoa mate na machozi, hukojoa na kunya ovyo, mboni za macho huwa ndogo kama nukta na misuli hutikisika. Chukua chupa ya dawa au lebo yake mwende naye kwa daktari wa mifugo, maana jina la kiambato ndilo linalomwambia achome sindano gani.

Ndimu na viroboto. Limonene ni kweli hudhuru wadudu, na zamani zilikuwapo dawa za kuogeshea zenye kemikali hiyo iliyopimwa. Ndimu ya jikoni haijapimwa. Unapoipaka, kwanza asidi inaingia kwenye michubuko aliyojikuna, na mbwa wa viroboto hakosi michubuko. Pili, zile psoralini zikikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga, hutokea kuungua: wekundu, malengelenge, kisha doa jeusi linalokaa wiki nyingi. Wauzaji wa vinywaji wanaokamua ndimu mchana kutwa juani hupata madoa hayohayo mikononi. Kwa mbwa huanza penye manyoya machache, tumboni, kwenye masikio na juu ya pua, na mbwa weupe huumia zaidi. Tatu, akijilamba anaimeza yote. Na viroboto wenyewe? Unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai, funza na mabuu wako kwenye gunia analolalia na kwenye mchanga wa banda. Fua matandiko yake kwa maji ya moto kila wiki, anika juani, fagia banda hadi pembeni na uchome uchafu wake, kisha mpe dawa ya viroboto ya mbwa kulingana na uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Na kama mna paka, ndimu na mafuta yake visimguse kabisa: ini la paka linashindwa kuondoa kemikali hizi, na kiasi ambacho mbwa angekipiga chafya kinaweza kumfanya paka atetemeke na kupoa mwili. Dawa za mbwa zenye permethrini nazo huua paka.

Akila tena maganda, fanya hivi. Angalia ni mangapi na saa ngapi, toa yaliyobaki mdomoni na umwekee maji safi. Usimtapishe. Chumvi, ambayo watu wengi hukimbilia, hupandisha sodiamu ya damu na kuumiza ubongo, nayo imeua mbwa waliokuwa hawana tatizo la maana. Mafuta ya kula na maziwa havifuti limonene; mafuta yakipalia ni nimonia. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa wa dawa, haunyonyi sumu, unamchafua tu. Akitapika, mwondolee chakula kwa saa 6 hadi 12, maji yabaki lakini kidogokidogo, vijiko vichache kila nusu saa. Kisha mpe wali uliolainika na kuku wa kuchemsha bila chumvi, kitunguu wala mafuta, milo midogo mitatu minne kwa siku moja au mbili. Mtoto wa mbwa usimfungishe, mpeleke.

Usisubiri kama anatapika zaidi ya mara tatu nne, kama kila anywacho kinarudi, kama hajapata choo kwa siku nzima na tumbo limekaza, kama anajikunja mgongo au anainama mbele huku makalio yako juu. Hizo ni dalili za kitu kilichokwama, na mwambie daktari neno "makapi" au "kangaja nzima" mapema, kwa sababu tunda halionekani vizuri kwenye picha ya eksirei kama unavyoonekana mfupa, naye atatafuta kwa njia nyingine. Damu kwenye matapishi au kinyesi, kuyumba, kutetemeka, fizi nyeupe au za manjano, hivyo vyote ni vya siku hiyohiyo.

Akipaliwa na tunda zima na hewa haipiti, fungua mdomo na ulitoe kama unaliona vizuri. Ukilikosa usilisukume ndani. Simama nyuma yake, weka ngumi laini pale mbavu zinapokutana chini ya kifua, sukuma kwa nguvu kwenda ndani na juu mara tano, kisha angalia mdomo tena. Mbwa mdogo mwinue miguu ya nyuma kichwa kiwe chini. Lakini shika hili: mbwa anayetoa mate, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, na hukumwona akila kitu, usiingize mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa huanza hivyo hivyo, na watu wengi wameng'atwa wakitafuta mfupa ambao haupo. Mfungie, wapigie simu wataalamu wa mifugo. Mate yakiwa yamekugusa kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali kupata chanjo.

Msimu wa machungwa una mtego mwingine: kila ugonjwa husingiziwa machungwa. Mbwa aliyelegea, ana homa, hataki kula, na kupe wamemjaa masikioni, huyo ana uwezekano mkubwa wa ugonjwa wa kupe, si wa matunda. Mtoto asiye na chanjo anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, fikiria pavo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, kabla ya kufikiria ganda. Mwasho wa maganda huisha ndani ya saa 24, haupandishi homa na haujirudii bila yeye kula tena.

Kwenu, basi, kazi iko kwenye shimo la taka. Likiwekewa kifuniko cha bati lenye jiwe juu, au maganda yakianikwa hadi yakauke na kutumika kuwashia moto, maana yanawaka vizuri sana kwa sababu ya yale mafuta, dume lenu litabaki na vipande viwili vitatu vya mkononi.